Mtaro wa Jirani wa Chini

Ukipita mtaa wa Wattaya leo utaona magari mapya yanang'aa nyuma ya vioo, wala hutodhani kwamba nyuma ya maduka yale kuna kichochoro nilikokulia mimi. Juzi nilirudi huko mbio. Mvua ilinyesha mchana kutwa, na maji yakaingia nyumbani kwa mama yangu, jambo ambalo halijapata kutokea tangu tuijue nyumba ile. Nilimkuta amekaa kitandani, miguu ameikunja, mazulia yamelowa chapachapa. Nikaanza kuyakokota nje, na ile harufu ya tope na sufu mbichi ikanirudisha utotoni bila kuniomba ruhusa.

Kichochoro chetu kinashuka kutoka jabalini, na mtaro wa maji ya mvua unashuka nacho, ukipita mbele ya kila mlango. Zamani, kila Ijumaa asubuhi, kabla wanaume hawajaenda msikitini, wanawake walitoka na fagio, mabeleshi na makarai. Lakini hakuna aliyesafisha mtaro wa mbele ya nyumba yake. Kila nyumba ilisafisha wa jirani wa chini yake, na wetu tukasafishiwa na wa juu yetu.

Cheka ukitaka, lakini aliyeyaanzisha hayo ni bibi yangu, na aliyaanzisha kwa kuharibu. Alipohamia huku ng'ambo kutoka Unguja, mwanamke msafi kupita kiasi, alimwaga ndoo za maji mtaroni kwake mpaka saruji ikang'aa. Taka zote zikateremka kwa jirani wa chini, bibi mmoja ambaye watu wake walitokea bara. Yule bibi hakugomba. Alizizoa zote karaini, akaja kupiga hodi. "Shoga, hizi taka zako zimepotea njia," akasema, "nimezirudisha kwao." Bibi yangu alicheka hadi akakaa chini. Ijumaa iliyofuata akateremka na ufagio wake kwenda kusafisha kwa mwenzake, na mtindo ukaenea kichochoro kizima.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kwenye wavu wa chuma pale mtaro unapoingia chini ya barabara. Tulichomoa majani mapana ya mkungu, chupa, mifuko ya plastiki. Aliyejenga aliambiwa mchanga wake aufunike na auweke mbali na mtaro, na aliambiwa kwa sauti ya juu! Jikoni nako kulikuwa na sheria. Mafuta ya sambusa za Ramadhani yalipopoa, bibi aliyatia koponi, akafunga, yakaenda na taka. "Nnakwambia," alikuwa akimwonya mama, "yakiganda humo ndani mchanga utanata, na chupa zitanasa, kisha sote tutaogelea sebuleni."

Kazi ikiisha, uliyemsafishia ndiye aliyekulisha. Kwa yule bibi wa chini tulikula vitumbua vya moto na chai ya maziwa iliyojaa hiliki, na wa juu walikula kwetu mkate wa kumimina. Mtaro ukionekana mchafu Ijumaa, watu walijua nyumba ya juu yake ina mgonjwa, na kabla ya adhuhuri walikwenda kumtazama. Nnayakumbuka hayo nikiwa kwangu Mawaleh, mtaa mpya nilikohamia, penye barabara pana na kuta ndefu, na roho inaniuma kweli.

Wengi wetu tulihama vivyo hivyo, mmoja mmoja. Nyumba zikapangishwa kwa watu wanaokuja na kuondoka kabla hujawajua kwa sura. Mama akabaki, na kila nilipomtaka aje kwangu, alikataa. Safari hii nilikuja nimejiandaa kubishana.

"Mama, twende Mawaleh."

"Haya," akasema. Nikatamani angekataa.

Nilipakia nguo zake, nikamsaidia kupanda garini. Akatazama wingu. "Jabalini bado kweusi. Shuka kwanza ukawasafishie wale wa chini."

"Unawajua, mama?"

"Siwajui. Lakini wana mtoto mchanga, nnamsikia akilia."

Nikachukua beleshi nikateremka. Nilitoa mifuko, chupa, na bonge la mafuta yaliyoganda, jeupe, zito. Maji yakaanza kwenda. Hakuna aliyefungua mlango, ila mtoto nilimsikia.

Niliporudi juu, mtaro wetu ulikuwa bado umeziba, maji yametuama. Beleshi nilikuwa nalo mkononi, na kazi yenyewe si kubwa. Lakini sikuinama. Nilisimama pale mlangoni, mtu mzima mimi, natazama juu ya kichochoro, nangoja mtu ashuke na ufagio. Nilipogeuka, mama naye, ndani ya gari, alikuwa akitazama huko huko.