Gari la Viti Saba

Jumamosi, kwenye gereji moja karibu na Woodley, nilimkuta mzee akimwonyesha mama mmoja gari kubwa alilolitumia miaka mingi na sasa analiuza.

"Mzee, niambie ukweli, hii gari shida yake ni gani?" mama akamuuliza.

"Matope ya Mutuini inapita bila kusukumwa. Lakini inakunywa mafuta." Akapangusa kiti cha nyuma kwa kiganja. "Na iko na viti saba."

"Si hiyo ni poa?"

"Ni poa ukiwa na watu. Siku hizi naiendesha peke yangu."

Mama akawaita wanawe wanne, wakapanda wote, mzee akawazungusha mtaani. Waliporudi, mama alisema ameridhika, atalinunua. Mzee hakuzima injini.

"Tuzunguke tena kidogo," akasema.

Sijawahi kuona muuzaji akimchelewesha mteja aliyekwisha kukubali.