Mraba wa Udhaifu

Mkurugenzi wetu alikuwa mpumbavu. Nalisema leo kwa sababu enzi zile nilimpigia chapa barua zake zote huku nikiitika "oui, citoyen directeur", ndiyo mwananchi mkurugenzi, kutwa nzima. Kampuni yetu ya serikali ilisaga mahindi ya mposho, yaani unga wa kila mwezi wa wachimba shaba na jamaa zao. Nusu ya mji wa Lubumbashi ilitegemea kinu kile kwa ugali wake wa jioni, tunaouita bukari. Naye mkubwa, mkaaji wa Golf, mtaa wa matajiri, hakuwahi kukanyaga kinuni, asije akachafua suti yake ya abakosti.

Siku moja akatuletea mtaalamu kutoka Kinshasa. Huyo alikuwa na chaki za rangi nne na sauti ya padri. Akachora mraba mkubwa ubaoni, akaugawa vyumba vinne: nguvu zetu, udhaifu wetu, nafasi zilizoko nje, hatari zilizoko nje. Tukivijaza vyote, alisema, mpango wa miaka mitano utajitokeza wenyewe. Eti utajitokeza! Nilikuwa nimeketi pale na daftari langu, nikayaandika hayo yote kama mtu mwenye akili timamu.

Kwenye nguvu watu waligombea kusema. Wa kwanza akataja hekima ya Kiongozi wa taifa, wa pili akataja Chama, wa tatu akataja busara ya mkurugenzi, naye mkurugenzi akainamisha kichwa na kujifanya mnyenyekevu. Kwenye udhaifu, kila mtu akaanza kukagua kalamu yake. Nani angesema? Chama hakikosei, na kampuni ilikuwa ya Chama. Nyani haoni kundule, na ole wake atakayemwonyesha.

Mtaalamu akaanza kuhangaika, maana chumba kitupu kingeiharibu ripoti yake. Akamgeukia msimamizi wa kinu, mzee mmoja wa Kasai aliyekaa nyuma, kofia mapajani. Mzee huyo alikuwa amebakiza miezi kumi apate pensheni. Aliishi nyumba ya kampuni katika mtaa wetu uitwao Kenya pamoja na mke mgonjwa na wajukuu, na sote tulijua kwamba mtu akifukuzwa kazi, nyumba inarudi kwa kampuni na pensheni inapotea. Alisoma Kiswahili tu, cha misheni. Kifaransa kilimshinda, kwa hiyo nilikaa karibu naye nikimtafsiria. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama hawa watu walitaka jibu kwelikweli. Nami, mjinga wa pili chumbani, nikamwambia aseme tu, mficha maradhi kifo humuumbua.

Akasimama. "Mukaba ya mashini iko nachoka," alisema. "Niliomba ingine mara tatu. Siku itakatika, bantu batakosa bunga."

Mukaba ni ule mkanda mnene unaozungusha kinu; siku ukikatika, watu watakosa unga. Nikatafsiri neno kwa neno. Mtaalamu akafurahi, akaandika, kisha akaeleza kwamba mbele ya kila udhaifu liwekwe jina la mtu. Alimaanisha mtu wa kuurekebisha. Lakini kwetu sisi, jina likiwekwa mbele ya kosa, huyo ndiye mkosaji. Hatukuwahi kuona orodha ya majina yenye kazi nyingine. Mkurugenzi akatutazama mmoja mmoja. Yale maombi matatu ya mzee yalikuwa ndani ya droo ya mkurugenzi, niliyatia humo kwa mikono yangu mwenyewe. Akamwambia mtaalamu aandike jina la mzee.

Mabwana wale wote, pamoja na diploma zao, hawakufungua kinywa. Nami sikufungua changu. Tukapewa Fanta, tukapiga makofi.

Wiki iliyofuata mkurugenzi akaniamuru nipige barua ya kumfukuza mzee kwa uzembe "uliothibitishwa na uchambuzi wa kisayansi". Kisayansi! Mtu ambaye asingeutambua mukaba hata ungemwangukia mguuni. Nikaipiga kwa Kifaransa safi, nakala tatu, kisha nikatumwa nimpelekee mwenyewe kinuni.

Mzee aliigeuza ile karatasi kwa vidole vyake vyeupe kwa unga.

"Mama, banasema nini?"

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na maneno nilikuwa nayo.

"Banakushukuru, baba," nilisema. "Mukaba ingine itakuya."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kesho yake asubuhi alitembea mpaka kwangu, mtaa wa Katuba, kuniletea unga mweupe, laini, umefungwa ndani ya kitambaa. Aliutoa kwenye mposho wake, kwa sababu, alisema, nilimsemea vizuri mbele ya wakubwa. Nikaupokea. Alasiri ile walinzi wa kampuni walitoa vitanda vyake nje, kile cha mkewe kwanza.

Hazikupita wiki mbili, mukaba ukakatika. Mkurugenzi akaniita niandike ripoti, na udhaifu ule akauhamishia kwenye chumba cha hatari: hujuma za maadui wa nje. Kinu kikasimama. Wanawake wenzangu wa Katuba walipanga foleni tangu alfajiri, wakarudi na mabeseni matupu. Mimi nilikuwa bado na ule unga wa mzee. Nikausonga bukari, watoto wakala wakashiba, nami nikala.