Kilatini cha Gerson na Mafunjo ya Priska

Gerson wa Gulwe alisoma seminari miaka miwili tu, lakini ukimsikia utadhani ndiye aliyewabatiza maaskofu. Mafunjo anayosukia mkewe aliyaita *juncus*, mkeka *matta*, na tenga la kuku *scirpea*, kidevu kikiwa juu.

Siku hiyo Priska, mkewe, alikwenda kwenye sala za jumuiya akamwachia kazi moja: kulilowesha gunia lililofunika mafunjo, yasikauke. Yalikuwa ya mkeka wa binti yao, Angelina. Kwa kina Priska, bibi harusi hakalii mkeka ambao mama yake hakuusuka, na harusi ilikuwa mwezi huohuo.

Aliporudi alimkuta mume anawafundisha majirani Kilatini. Akafunua gunia, akakunja funjo moja. Likavunjika kama tambi kavu. Akajaribu la pili, la tatu, yote yaleyale. Hasira zikampanda hadi utosini.

"Baba Angelina, kwenye hicho Kilatini chako, maji yanaitwaje?"

"*Aqua*," Gerson alijibu haraka, akiwatazama majirani wamsifu.

"Kumbe unayajua." Akamtupia mundu miguuni. "Bwawani ni kule. Ukakate mengine, na hao wanafunzi wako nenda nao."