Mguu wa Imke

Enno Rathjens alikuwa mtunza viwanja wa klabu ya tenisi ya Brakenhude, na binti yake Imke alijua kukokota mkeka wa kusawazishia udongo kabla hajajua kushika raketi. Kila mwaka baridi ikishaondoka, wanachama hukusanyika kumwaga udongo mwekundu mpya na kuushindilia, na anayetegea hasemwi usoni. Husemwa keki inapokatwa. Enno alikuwa na neno moja kwa watoto wote. Uwanja ni wa anayekuja nyuma yako. Ukiuchimbua, ufukie, mpira ukiacha alama, ipitishie mguu. Samaki mkunje angali mbichi, na Imke alikunjwa akakunjika: mguu wake wa kulia ulikuwa ukifuta alama wenyewe, huku kichwa kikiwaza mpira unaofuata.

Akakua, akawa mchezaji wa kulipwa. Msidhani ni mambo ya magari ya fahari na maua. Kwa wachache ndiyo, kwa Imke hapana. Yeye alikuwa wa vimashindano vya Uturuki na Hungaria, ambako watazamaji ni mama wa mpinzani na paka, na jioni unafua soksi zako kwenye sinki. Bega likapasuliwa, likapona, akarudi, likauma tena. Wakati mmoja alikaribia wachezaji mia bora duniani, akauona mlango, mlango ukafungwa.

Kulikuwa na mashindano makubwa ya wanawake katika mji wa jirani, yale ambayo utotoni alikuwa akiwaokotea mipira wakubwa. Kila mwaka alicheza mechi za mchujo, na kila mwaka alitolewa kabla ya michuano yenyewe. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mbili. Wakishindilia udongo mwaka huo, alimwambia baba yake kwamba asipoingia safari hii, anatundika raketi. Enno hakumbembeleza. Aliendelea kusukuma roli lake la kushindilia, ila chakula cha mchana hakukigusa, na mzee yule na saladi ya viazi ni damu moja.

Basi ikafika mechi ya mwisho ya mchujo. Mpinzani alikuwa Radka, binti wa Kicheki wa miaka kumi na tisa, miguu mirefu, uso mkavu kama hana mama. Seti moja huku, moja kule. Katika seti ya tatu Imke akatangulia, gemu tano kwa nne, mpaka akabakiza pointi moja tu. Moja! Bega lilikuwa likiwaka moto. Hakuthubutu kumtazama baba yake, aliyekaa safu ya tatu akiifinyanga kofia mikononi.

Wakapigiana mipira mingi. Mwishowe Radka akaupeleka mmoja kwa nguvu kwenye kona ya Imke. Ukatua nyuma ya mstari. Mwangalizi wa mstari akanyoosha mkono: nje. Watu wa Brakenhude wakainuka wote kwa mpigo, na mke wa mweka hazina akaanza kulia hapo hapo.

Radka hakukubali. Akainua kidole, akamwita mwamuzi aje kuitazama alama. Ni haki yake; kwenye udongo alama ndiyo shahidi, na mwamuzi hushuka akaikagua kwa macho yake. Lakini sheria ina upande wa pili, na kila mtoto wa udongo anaijua: anayeifuta alama iliyo upande wake kabla haijatazamwa, amemkubalia mwenzake.

Mwamuzi akaanza kushuka ngazi za kiti chake. Imke akafumba macho, akashusha pumzi ya miaka yote ile. Na mguu wake wa kulia ukatoka, ukapita juu ya udongo mara moja, taratibu, kama ulivyofundishwa.

Alipofumbua macho alimwona baba yake amesimama, mkono mdomoni. Ndipo akatazama chini. Palikuwa laini.

Mwamuzi alisita ngazini. Hata yeye ilimuuma, ilionekana, lakini alirudi kitini akatangaza kwamba alama imefutwa, pointi ni ya Radka. Imke akamwendea akamweleza kwamba ni mazoea tu, kwamba mpira ulitoka nje kwa kiganja kizima, kwamba mwangalizi mwenyewe aliona. Kote uwanjani watu wakazomea. Mwamuzi akasikiliza kwa adabu, lakini lililokatwa limekatwa.

Zilizobaki zilikuwa gemu za mtu ambaye roho imeshamtoka. Alijitahidi, jamani, asionewe. Alipigana mpaka goti likachubuka, lakini kila mpira ulipotua karibu na mstari alikuwa akiuchungulia mguu wake badala ya kukimbia. Radka akashinda gemu saba kwa tano.

Walipopeana mikono wavuni, yule binti hakumwachia upesi.

"Ulikuwa nje," alisema kwa sauti ya chini. "Niliuona."

"Mbona hukusema?"

"Ungekuwa wewe, dada, ungesema?"

Imke alitaka kumjibu kwamba angesema. Akafikiri miaka yote ile, soksi zote zile kwenye sinki. Akatikisa kichwa, akamwachia mkono.

Watu walipotawanyika, Enno alishuka, akamwomba mfanyakazi wa pale mkeka, akaanza kusawazisha uwanja usio wake, akizunguka kutoka nje kuelekea ndani. Imke alikaa benchini na taulo kichwani, akilia bila kujificha. Mzee alipokaribia ile kona alisimama.

"Ni hapa?"

"Hapo hapo, Baba."

Aliendelea kusimama, kamba ya mkeka begani, hawezi kupapita.

"Mguu ule niliufundisha mimi, mwanangu."

Imke akainuka, akafuta kamasi kwa taulo, akaenda akaichukua kamba begani mwake.

"Uliufundisha vizuri mno, mzee wangu," alisema. "Haya, sogea, unanikanyagia uwanja."

Akakokota mkeka, akapita pale kwenye kona kama anavyopita popote, akauzunguka uwanja mzima mpaka katikati. Raketi zake zilibaki benchini. Ni baba yake aliyezibeba mpaka kwenye gari.