Masafa ya Kauthar

Kauthar aliyaongoza malori ya familia yao kwa redio ya upepo, ile ya kuitana hewani, akiwa kwenye ofisi yao ndogo mjini Sumbawanga. Kaka yake, Shamsi, alikuwa dereva. Siku breki zilipomgomea kwenye mteremko wa kwenda Ilemba, Shamsi aliita apishwe. Lakini Polikarp, dereva wa tajiri mwingine, alikuwa amebana kitufe cha redio yake akipiga soga. Sauti mbili zikagongana hewani. Kauthar akasikia mkwaruzo tu. Lori lililokuwa linapanda halikupisha, wakavaana uso kwa uso. Shamsi alizikwa siku ile ile.

"Redio haina mwenyewe," Polikarp alisema msibani, tena kwa sauti ya kusikika.

Kauthar aliwafuata madereva mmoja mmoja, mpaka maegesho ya Laela, akawapa utaratibu. Sikiliza kwanza. Ukikuta mtu anaongea, ngoja. Ukipata nafasi taja ulipo na uendako, kisha achia kitufe. Anayeteremka na mzigo aseme kwanza, anayepanda aseme baada yake. Atakayebana kitufe kwa soga, wote wahamie masafa mengine, wamwache peke yake. Madereva walidhani anahangaikia usalama wao tu. Kumbe alikuwa anamchimbia Polikarp shimo.

Polikarp alicheka, akaendelea na soga zake. Wakamhama bila kumwambia masafa mapya. Ikawa kila kona anasimama, anapiga honi, anachungulia. Kauthar akaweka ofisini redio ya pili kwenye masafa yale ya zamani, kwa raha tu ya kumsikia akiita bila kujibiwa.

Alasiri moja ya mvua, redio ile ikalia.

"Sina breki! Nipisheni jamani, nashuka Ilemba, sina breki!"

Kauthar alijua Tadei, mmoja wa madereva wao, yuko anapanda mlima ule ule. Alishika kipaza sauti, akakaa nacho. Polikarp akaita tena, safari hii analia. Kauthar alitaka aonje alichoonja Shamsi. Kisha akaongea kwenye masafa mapya.

"Tadei, toka barabarani! Linashuka lori halina breki!"

Hakuna aliyemwingilia. Tadei akajibana pembeni. Lori la Polikarp likampita, likaenda kujichomeka kwenye ukingo wa udongo.

Alipotoka hospitali, Polikarp alikuja ofisini akichechemea.

"Dada Kauthar, asante. Naomba mnirudishe kwenye masafa."

"Niliyemwokoa ni Tadei."

"Nisamehe, dada."

"Kamwombe Shamsi."

Hakuna tajiri aliyempa tena lori. Siku hizi anapakia magunia ya mahindi Laela. Kauthar akipita pale hupunguza mwendo, amtazame vizuri, halafu hukanyaga mafuta.