Komanda Eko Juu

Baba mkwe wangu alikuwa rubani wa ndege za vita. Nalitanguliza hilo kwa sababu yeye mwenyewe hulitanguliza. Mgeni hajapewa maji ya kunywa, ameshaambiwa. Mtu wa shirika la misaada akija kuuliza maharage yamebaki kiasi gani, anaambiwa. Siku moja ng'ombe wa mtu wa Endiinzi, mji wa jirani, walikula mihogo yangu, nikamleta mwenyewe nyumbani ajibu. Niliporudi kutoka kuchukua shina la muhogo la ushahidi nikakuta yeye na mzee wameshikana mikono, wanazungumzia jinsi ndege inavyogeuka juu ya ziwa. Mihogo ikaishia hapo.

Maisha yake nayajua kuliko yangu. Alizaliwa kando ya ziwa, kwetu Kivu ya Kusini. Mapadri wakaona ana kichwa cha hesabu, serikali ikampeleka ng'ambo kufundishwa kuruka, akarudi na miwani myeusi na koti la ngozi. Vita ikaja, akapanda. Akapiga barabara, akapiga daraja, akapiga kambi ya adui. Siku moja wakampanga uwanjani kwenye jua la saa sita, na mkubwa wa nchi akamchoma medali kifuani kwa mkono wake mwenyewe. Halafu ghafla mzee yuko Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, chini ya turubai, anasubiri ugali wangu. Kati ya medali na ugali hakuna kitu. Nilipokuwa bado bibi harusi mwenye adabu nilimuuliza:

"Baba, halafu ikakuwaje?"

"Halafu ni siasa, mukwe."

Na huyo adui alikuwa nani? Hasemi. Mama yangu mzazi naye ana hadithi ya ndege ya miaka hiyohiyo, ila yake inaanza chini ya migomba, tumbo chini, mkono juu ya kichwa cha kaka yangu. Hajawahi kuisimulia mbele ya mzee. Anasema si adabu, wameshakuwa wakwe.

Kijiji chote kinamwita Komanda. Tangu niolewe sijamwona na jembe. Mkono wa rubani, anasema, ukizoea jembe unakuwa mzito. Basi nimelima mimi, mtoto mgongoni, naye amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika upande mmoja, mkono wake ukibaki mwepesi, ukingoja nchi imuite. Mume wangu alilishwa hadithi hizo tangu utoto. Alipokua akaenda Kampala kutafuta maisha, na hadi leo anayatafuta.

Kuna jambo moja ambalo hata mimi nililiheshimu, na ndilo linaloniuma. Katikati ya hadithi, Komanda hunyamaza. Macho yanasimama. Mdomo unatafuna kitu kisichokuwepo, na vidole vya mkono wa kulia vinavuta kifungo cha koti, vinakiachia, vinakivuta tena. Si muda mrefu, ni kama wa kumimina chai. Watu huinamisha vichwa. Mama jirani, mjane wa upande wa pili wa uzio, anaweka kidole mdomoni:

"Munyamaze. Komanda eko juu."

Kisha mzee anarudi, anauliza alikuwa amefika wapi, wanamkumbusha, anaendelea. Sote tuliamini kwamba anakumbuka vita. Mimi nilimdharau hata kwa hilo, kwamba watu wengine wanachimba na yeye anapaa, lakini niliamini.

Sasa, kwetu mtoto akikakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka mdomoni, tunasema ana ndege. Vitabu vinasema degedege. Sisi tunasema ndege, basi. Ndege amepita juu ya nyumba na kivuli chake kimemwangukia mtoto. Utaona mwenyewe neno hilo lilitufikisha wapi.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa shambani nilipowasikia wanawake wakipiga kelele nyumbani kwangu. Nilikimbia na jembe mkononi. Nikakuta mtoto amelazwa kwenye mkeka, mgumu kama kuni, miguu inarusharusha. Medali ilikuwa imeshushwa kutoka juu ya mlango, imo kwenye beseni la maji, na mama jirani anamnyunyizia mtoto maji hayo. Komanda, katika joto lile, amevaa koti la ngozi. Amesimama juu ya mwanangu, mkono mmoja umenyooka kama bawa, mwingine ameuweka mdomoni, anautumia kama simu, anataja kwa Kifaransa namba na upepo.

"Ni ndege, mama," jirani akaniambia. "Lakini usiogope. Mungu alitupatia mwenye ndege."

"Baba, unafanya nini?"

"Ninaishusha. Usipige kelele, mukwe, iko karibu kugusa chini."

Nilimsukuma jirani nikamnyakua mtoto. Wakati huohuo akalegea, akapumua, akaanza kulia. Ilikuwa imekwisha yenyewe, kama inavyokwisha. Lakini nani angenisikiliza? Vigelegele vilikuwa vimeshapanda.

"Imetua! Imetua!"

Tangu siku hiyo nyumba yangu ikawa uwanja wa ndege. Walikuja kutoka vijiji vya mbali, wenye kuku, wenye pombe ya ndizi, wenye watoto waliolegea kwa homa. Komanda anavaa koti, ananyoosha mkono, anaongea na mnara wa kuongozea ndege. Maji ya medali yakawa yanabebwa kwenye chupa. Sijawahi kumwona mzee amenenepa vile.

Mimi nilimpeleka binti yangu kituo cha afya hapahapa. Wakampima, hana malaria, hana homa. Wakaniambia nimfikishe Mbarara kwa daktari anayejua mambo ya kichwa, kwa sababu inaweza kurudi, na ikirudi akiwa karibu na maji au moto nitamzika. Walisema hivyohivyo, nitamzika. Nikarudi na maneno hayo.

Komanda alikuwa anakula paja la kuku wa watu.

"Mbarara? Mukwe, tumia akili. Ukimupeleka Mbarara, bantu watasema nini? Watasema Komanda alishindwa kwa mujukuu wake."

"Na akifa watasema nini?"

"Hatakufa. Niliishusha."

Jirani naye akadakia kutoka kwenye uzio, hata hakualikwa: "Na kule watamutoboa sindano. Ndege haipendaki sindano, mama. Mutoto wa ndege akichomwa sindano anaenda nayo."

Nikarudi jikoni. Ukiwa mke wa mtu asiyekuwepo, unakaa kwenye uwanja wa baba yake, unanyamaza. Kosa hilo sitalirudia.

Ikarudi. Nilikuwa nasonga ugali, mtoto amesimama pembeni, akaanguka bila neno kuelekea mafiga. Nilimdaka kwa gauni. Gauni likachanika mgongoni, lakini yeye hakuufikia moto. Na kabla sijamlaza vizuri nikasikia sauti nyuma yangu:

"Mulete beseni!"

Nililipiga teke lile beseni. Maji yalimwagika, medali ya taifa ikabingirika hadi kwenye tope la bata. Nikachukua kitenge, nikafunga mtoto, nikatoka barabarani kuita boda boda.

Komanda akanifuata amevaa koti. Lazima aje, alisema, madaktari wanataka kuongea na mwanaume. Boda ilikuwa moja tu. Dereva akatuambia tupande wote. Hapo mzee akasimama kama amepigwa msumari. Kwetu mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hata mkeka mmoja hawakalii.

"Mukwe na baba mukwe kwenye pikipiki moja? Bantu watatuona."

"Baba," nikamwambia, na sikushusha macho, "ulipiga madaraja ya watu mchana kweupe hukuona haya. Leo unaona haya ya goti langu?"

Dereva akacheka mpaka akashika tangi. Mwishowe mzee aliomba gunia la maharage la mtu, tukalibana katikati yetu kama mpaka wa nchi, na hivyo ndivyo shujaa alivyosafiri hadi penye magari ya Mbarara.

Tulielekezwa kwenye kliniki moja upande wa Kamukuzi. Nesi wa mapokezi, mwenyeji wa huko, Munyankore mnene mwenye haraka, akanisemesha Kiswahili chao.

"Nyabo, toto nasikia nini?"

"Ana ndege."

"Nini?"

"Ndege. Hii ni mara ya pili."

Akaniangalia. Akamwangalia mtoto. Akachukua tochi akamfungua mdomo. "Banange! Namezaka ndege? Ya plastiki ama ya chuma?" Akageuka kuwaita wenzake. "Mukuje! Toto ya mama huyu nameza ndege mara mbili!"

Nikatafuta neno lingine, na kwa hasira sikulipata. Ndipo Komanda akajitokeza mbele, akabana visigino.

"Madamu, mimi ni rubani."

Nesi akamtazama koti hadi viatu. "Kumbe ndege ni yako, sebo? Sasa kwa nini naiacha kwa toto?"

Daktari alikuwa kijana mpole, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha sekondari, na huko neno si ndege. Akamwangalia mtoto taratibu, akamgonga magoti, akamulika macho. Akauliza: katika ukoo, upande wa mama au wa baba, kuna mtu anayeanguka au kupotewa na fahamu? Kwetu sisi hakuna. Nikamtafsiria mzee.

"Kwetu? Hapana! Mwambie sisi ni damu safi. Mwambie nilipimwa na madaktari wa ng'ambo kabla ya kunipa ndege. Mwambie medali. Mwambie ile siku ya uwanjani, jua lilikuwa..."

Akanyamaza. Macho yakasimama. Mdomo ukaanza kutafuna. Vidole vikashika kifungo, vikavuta, vikaachia, vikavuta.

Mimi niliinamisha kichwa kwa mazoea. Karibu niweke kidole mdomoni. Daktari hakuinamisha. Alisogeza kiti, akamshika mzee mkono, akamtazama vidole, kisha akatazama saa yake.

"Nilikuwa nimefika wapi?" Komanda akauliza aliporudi.

"Mzee," daktari akasema, nami nikatafsiri, "hii inakushika tangu lini?"

Aliangalia dirishani, kule kwenye mlima wenye nyumba za matajiri. Nilidhani atasema siasa.

"Mwambie, tangu mwaka uliofuata medali."

Halafu akalitoa lile pande la hadithi ambalo sikuwahi kupewa. Mara ya kwanza ilimkamata juu ya ziwa, peke yake angani. Aliposhtuka maji yalikuwa karibu, anaona mawimbi moja moja. Akainua ndege, akatua, hakumwambia mtu. Mara ya pili alianguka chini, mbele ya mafundi, akajikojolea. Wakamvua kofia, wakampa ofisi ya kutunza matairi, na medali wakamwachia. Hakupanda tena ndege, hata kama abiria. Alitoka kwetu kwa miguu kama sisi wote.

Nikasahau daktari, nikasahau adabu.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ulijua, na bado ukachovya medali kwa mwanangu."

"Bantu waliniomba, mukwe." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Toka zamani hakuna mtu aliniomba kitu."

Labda mwingine angemhurumia. Mimi mikono yangu ilikuwa imeshika mtoto.

Tulitoka na dawa za watu wawili, mtoto na babu. Kifafa, daktari alisema, cha kumeza dawa kila siku bila kuruka, na watu wengi wanaishi nacho vizuri. Njiani nilimwambia mzee: utawaambia mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa sababu jirani akiendelea kuamini beseni atamwaga dawa yangu siku nisipokuwepo. Akaitikia kwa kichwa. Kufika nyumbani, watu wakauliza habari za Mbarara.

"Tulienda kuhakikisha," Komanda akasema. "Wamehakikisha."

Medali ikaoshwa tope, ikarudi juu ya mlango.

Jumapili, watu wametoka kanisani, mwanamke mmoja akaingia uwanjani mbio na mtoto mchanga amekakamaa. Niligusa mguu wake, ulikuwa moto kama jiwe la jikoni. Jirani ameshaleta beseni, anasafisha njia kwa mikono. Komanda akainuka. Akavaa koti. Akaniangalia, mimi nimesimama mlangoni chini ya medali na sisogei. Akafungua mdomo akasema maneno machache kwa Kifaransa, polepole, akitazama chini.

"Anasema nini?" wakaulizana. "Anaita mnara?"

Kifaransa niliondoka nacho Kongo darasa la tatu. Kilitosha. Alisema amechoka, wamsamehe. Basi. Nikatafsiri:

"Anasema huyu mtoto ana homa, apelekwe kituo cha afya sasa hivi, na asichovywe kitu. Anasema yeye mwenyewe ana ndege tangu ujana, ndiyo sababu walimshusha. Akinyamaza mbele yenu hayuko juu popote, anaumwa. Analala na hiyo medali nyumba moja miaka yote na haijamtuliza."

Wote wakamgeukia. Angeweza kunikana. Kiswahili anakijua, na mbele ya watu wake neno la mke wa mwana si kitu. Alifunga kifungo cha koti, akakifungua.

"Mumusikilize," akasema.

Yule mama akakimbia na mtoto wake, nami nikampigia kelele mwenye boda aliyekuwa anapita. Jirani akamwaga beseni kwenye mboga zangu za lengalenga, makusudi, akaenda kwake bila kuaga. Mtoto yule alipona malaria. Mama yake akinipita njiani ananisalimia, Komanda hamsalimii.

Kuku wamekoma. Hadithi bado anasimulia, wasikilizaji wamepungua, na akinyamaza katikati jirani hasemi tena kwamba eko juu. Ananiita kwa dharau kupitia uzio: "Mama, njoo, muzee wako."

Asubuhi natoa dawa. Binti yangu ananyoosha mkono wa kwanza, anameza, ananionyesha ulimi. Tangu Mbarara hajaanguka. Komanda anachukua kidonge chake na kikombe, anaenda kukimeza nyuma ya nyumba ili watu wasimwone. Namfuata mpaka huko, nasimama mpaka nione koo limeshuka. Kisha namnyooshea jembe. Analitazama kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni, na kulishika, bado.