Nafasi Mchangani

Fundi magodoro wa Makorora alikuwa na sufi kwenye nyusi siku zote, kama mvi za kuazima. Alipochambua, alifumba macho, vidole vikitafuta mbegu vyenyewe. Mteja hakumpima kwa kamba. Alimlaza uani, ndani ya fremu ya kitanda iliyojaa mchanga mwororo, kisha akausoma ule mchanga: palipodidimia nyonga alishindilia usumba wa nazi, penye bega alijaza sufi.

Mama yangu alipotoka eda ya baba, usingizi ulikuwa umemkimbia. Nilimsindikiza kwa fundi.

“Langu jembamba tu, bibi,” mama alimwambia fundi. “La mtu mmoja.”

Akalala mchangani, akainuka, akajifunga kanga upya. Fundi akachuchumaa, akatazama mpaka nikaogopa kupumua. Mama alikuwa amejibana ukingoni. Kando yake mchanga ulikuwa haujaguswa, wa kumtosha mtu mzima.

“Mwanangu, bado wamwachia nafasi yake,” alisema fundi. “Nikikushonea jembamba utaanguka. Nitakushonea la wawili. Utasogea ukiweza.”

Mama akaweka kiganja juu ya mchanga ule laini, akaanza kulia. Fundi akarudi kwenye sufi yake, akafumba macho.